Maji Shingoni: Ufafanuzi wa Ukuzaji wa Mimea-Takia ya Milimani katika Bustani za Miamba na Mahori ya Mawe

Ikisiri

Mimea-takia ni mimea midogo ya milima mirefu ambayo matawi yake hubanana hadi kufanya umbo la takia lililolala juu ya mawe. Mimea hiyo huvumilia baridi kali, upepo na jua la vileleni, lakini wengi walioijaribu katika bustani za nyanda za chini wameipoteza. Makala hii inafafanua sababu za hali hiyo na namna wakuzaji wa Ulaya, hususan wa Uingereza, walivyoikabili kwa kutumia bustani za miamba, mahori ya mawe, nyufa za kujengwa na nyumba za vioo. Hoja kuu ni kwamba adui mkubwa wa mimea hii bustanini si baridi, bali ni unyevu unaokaa kwenye shingo ya mmea wakati ambao mmea hauwezi kuutumia. Kwa msingi huo, mbinu zinazoonekana kuwa nyingi na tofauti zinaelezwa kuwa ni jitihada moja ya kutenganisha maji ya mizizi na maji ya majani. Mwishoni, makala inajadili mipaka ya maarifa hayo yanapotazamwa kwa upande wa milima ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Androsace helvetica ni mmea mdogo unaoota katika nyufa za miamba ya chokaa ya Milima ya Alpi. Huko hukabiliwa na majira marefu ya baridi, upepo usiokatika na jua lisilo na kivuli, na bado hutoa maua meupe yanayofunika takia lote. Nchini Uingereza, ambako baridi ya mabondeni ni hafifu ikilinganishwa na ya Alpi, mmea huohuo kwa kawaida hukuzwa chini ya paa la kioo, na ukiachwa nje hufa. Mtu asiyeifahamu mimea hii angetarajia kinyume chake: kwamba kilichozoea makali ya mlimani kitastarehe bondeni. Kitendawili hiki ndicho kiini cha makala hii.

Suala hili lina uzito unaozidi mapambo ya bustani. Mimea-takia hukua polepole mno. Utafiti wa William Morris na Daniel Doak kuhusu Silene acaulis huko Alaska, uliochapishwa mwaka 1998, ulikadiria kuwa matakia makubwa zaidi ya spishi hiyo yanaweza kuwa na umri unaozidi miaka 300. Takia lililotunzwa bustanini kwa miaka 20 linaweza kuoza katika wiki chache za mvua ya Januari, na hasara hiyo haifidiwi kwa kununua mche mwingine. Isitoshe, kila takia linalokufa kwa kutoeleweka huacha nafasi ambayo baadhi ya wakusanyaji wa zamani waliijaza kwa kung'oa jingine mlimani. Kwa hiyo, kuelewa sababu ya kifo ni sehemu ya kuilinda mimea hii katika makazi yake ya asili.

2.0 Istilahi na Mipaka ya Makala

Kiswahili hakina istilahi iliyozoeleka kwa kundi hili la mimea. Neno mto, kwa maana ya kitu cha kulazia kichwa, lingeweza kutumika, lakini huleta utata kwa kuwa lina pia maana ya maji yatiririkayo; na katika makala inayozungumzia maji, utata huo ungemsumbua msomaji. Makala hii inatumia mimea-takia, kwa kuwa takia hudokeza kitu kilichojazwa, chenye mgongo wa mviringo na kinachokaa chini. Kwa upande wa chombo, neno hori linafaa bila kulazimishwa. Hori ni chombo cha kulishia au kunyweshea mifugo, na vyombo vya mawe vilivyoanza kupandwa mimea ya milimani nchini Uingereza vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vya aina hiyohiyo, pamoja na masinki ya mawe ya jikoni.

Shingo ya mmea, kama inavyotumika hapa, ni mahali ambapo shina hukutana na mzizi, usawa wa udongo. Majina ya kisayansi yameachwa katika Kilatini kwa kuwa mingi ya mimea hii haina majina ya Kiswahili.

3.0 Umbo la Takia na Kazi Yake Mlimani

Umbo la takia limejitokeza katika familia nyingi za mimea zisizo na udugu wa karibu. Katika Alpi lipo kwa Androsace, Silene na Saxifraga. Katika Kaukazi kwa Draba mollissima. Katika miamba ya Irani kwa Dionysia. Katika Andes kwa Azorella compacta. Na New Zealand kwa Raoulia eximia, ambayo ikitazamwa kwa mbali hufanana na kondoo waliolala. Mazingira yanayofanana yamezaa jibu linalofanana, na jibu hilo lina sehemu tatu.

Kwanza, matawi mafupi yaliyobanana huzuia upepo kupenya. Hewa iliyonaswa ndani ya takia hupata joto la jua na kulihifadhi, hivyo kwamba siku ya jua takia linaweza kuwa na joto linalozidi la hewa kwa nyuzi 10 za sentigredi au zaidi. Mwaka 2011 mwanaikolojia Christian Körner alieleza juu ya kuwapo kwa Saxifraga oppositifolia katika mlima wa Dom, Uswisi, kwenye mwinuko unaozidi meta 4,500. Maisha katika mwinuko huo huwezekana kwa sababu mmea haupimi joto la kilele kizima, bali huishi katika joto la ule unene wa vidole vichache unaoukalia.

Pili, majani yanayokufa hayadondoki mbali. Hubaki ndani ya takia, huoza taratibu na kugeuka mboji inayohifadhi unyevu na virutubisho. Tatu, chini ya takia kuna mzizi mkuu mrefu unaoshuka katika ufa au kifusi cha mawe hadi penye unyevu wa kudumu. Kwa hiyo, mmea unaoonekana kuishi juu ya jiwe kavu kwa kweli una maji chini yake karibu wakati wote wa ukuaji.

Sifa hizi tatu ndizo zinazouokoa mmea mlimani, na ndizo zinazouangamiza bondeni. Takia lililofungwa dhidi ya upepo hukauka kwa shida likilowa. Majani makavu yaliyomo ndani yake, ambayo mlimani ni akiba, bondeni huwa chakula cha kuvu.

4.0 Tatizo la Majira ya Baridi ya Bondeni

Katika Alpi, theluji hufunika sehemu kubwa ya uoto wa vileleni kwa miezi mingi. Chini ya blanketi hilo joto hukaribia nyuzi 0, mwanga huwa hafifu, na maji yaliyopo yameganda. Mmea hulala. Spishi za magenge yaliyosimama wima, ambako theluji haishiki, hubaki wazi lakini katika hewa kavu, na maji yanayoyeyuka huteremka bila kutuama.

Majira ya baridi ya Uingereza ni kitu kingine. Mvua hunyesha wiki hadi wiki katika joto la nyuzi chache juu ya 0. Mmea haujalala kabisa, lakini mwanga hautoshi kuufanya ukue. Hautumii maji, hali maji yanazidi kuja. Udongo hushiba, hewa hutoweka kwenye mizizi, na kuvu wa kijivu wa jenasi ya Botrytis huingia kupitia majani yaliyokufa. Usiku wa baridi ukifuata, maji yaliyomo ndani ya takia huganda na kuyeyuka tena mchana, na mzunguko huo hupasua tishu na kuinyanyua miche michanga kutoka udongoni. Dalili huchelewa. Mara nyingi takia huonekana zima hadi majira ya kuchipua, kisha hugeuka kahawia kuanzia katikati, na likiguswa hung'oka shingoni bila ukinzani.

Haifai kudhani kuwa unyevu ndio tatizo pekee. Joto la kiangazi, hasa usiku wenye joto, huzisumbua spishi zilizozoea vilele vyenye ubaridi. Saxifraga oppositifolia, kwa mfano, hustawi kwa urahisi zaidi Uskoti kuliko kusini mwa Uingereza. Mwanga hafifu nao hulegeza takia: vikonyo hurefuka, majani huachana, na umbo lililobanana hupotea. Mbolea nyingi ya nitrojeni huleta matokeo hayohayo. Hata hivyo, matatizo haya mawili huishia mara nyingi katika lile la kwanza, kwa kuwa takia lililolegea au kuungua upande mmoja ndilo linalopokea maji na kuoza.

5.0 Mbinu za Ukuzaji

5.1 Kutoka kichuguu cha mawe hadi hori

Bustani za miamba zilienea Uingereza katika karne ya 19, na ile ya Kew ilijengwa mwaka 1882. Nyingi za bustani binafsi zilikuwa vichuguu vya udongo vilivyochomekwa mawe kwa ajili ya sura. Mwandishi Reginald Farrer, aliyekulia Yorkshire, alizikejeli bustani za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1907, na katika The English Rock Garden, kilichotoka mwaka 1919, alisisitiza mahitaji ya mmea mmojammoja. Mchango wake mkubwa kwa mada hii ni kuhamisha swali: kutoka namna mawe yanavyoonekana hadi namna maji yanavyopita kati yake. Mwaka 1929 iliundwa Alpine Garden Society, na mwaka 1933 ikafuata Scottish Rock Garden Club, vyama ambavyo vimekuwa njia kuu ya kubadilishana mbegu na uzoefu.

Hori liliingia katika kipindi hichohicho. Clarence Elliott, aliyekuwa na kitalu cha Six Hills huko Stevenage, hutajwa miongoni mwa waliozoesha watu kupanda mimea ya milimani katika mahori na masinki ya zamani. Mahori halisi yalipoadimika, wakuzaji walianza kutengeneza mfano wake kwa kuchanganya saruji, mchanga na mboji ya vinamasi. Kipimo kilichoenea ni sehemu 1 ya saruji, 1 ya mchanga na 2 za mboji. Mchanganyiko huo ukikauka hutoa chombo chepesi chenye vinyweleo, kinachoota kuvumwani baada ya miaka michache na kufanana na jiwe. Kwa kuwa uchimbaji wa mboji hiyo huharibu vinamasi, wengi sasa huibadilisha kwa nyuzi za makumbi ya nazi.

Faida ya hori ni ya kiutawala: mkuzaji huamua aina ya udongo, kina, mwelekeo wa jua na hata kama mvua iingie au isiingie. Hasara yake ni ya kifizikia, nayo inafafanuliwa katika sehemu inayofuata.

5.2 Maji katika chombo kifupi

Maji hayatoki yote katika chombo kilichotobolewa chini. Nguvu ya vinyweleo vya udongo huyashikilia, na tabaka la chini kabisa hubaki limeshiba hata baada ya matone kukoma. Kimo cha tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe za udongo na si kina cha chombo. Hivyo basi, katika chombo kifupi tabaka lililoshiba huchukua sehemu kubwa ya nafasi ya mizizi, wakati katika chombo kirefu chenye udongo uleule huchukua sehemu ndogo.

Desturi ya kuweka vigae au kokoto kubwa chini ya udongo laini haiondoi tatizo. Maji hayavuki kwa urahisi kutoka chembe ndogo kwenda kwenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu ushibe. Matokeo yake ni kulipandisha juu tabaka lililoshiba na kulisogeza karibu na shingo. Ufumbuzi ni kuufanya mchanganyiko wote uwe wa chembe kubwa. Mchanganyiko unaotumiwa na wengi una takribani nusu ya kokoto ndogo au changarawe iliyochekechwa vumbi, robo ya udongo tifutifu na robo ya mboji ya majani. Hori huwekwa juu ya mawe au matofali ili tundu lisigusane na ardhi, na huinamishwa kidogo kuelekea tundu hilo.

5.3 Kupanda na kulinda shingo

Miche hupandwa ikiwa michanga, kabla mzizi mkuu haujajikunja chunguni. Wakuzaji wengi hukung'uta udongo wa kitalu kutoka kwenye mizizi, kwa kuwa bonge la udongo laini ndani ya changarawe hubaki limelowa wakati kila kitu kinachoizunguka kimekauka. Shingo huachwa juu kidogo ya usawa wa udongo, kisha huzungushiwa tabaka la changarawe la sentimita 2 hadi 3 linalosukumwa hadi chini ya ukingo wa takia. Tabaka hili ndilo lenye kazi kubwa kuliko ukubwa wake: huyapitisha maji ya mvua haraka, huliweka takia juu ya uso mkavu, huzuia matone yasirushe tope kwenye majani, na wakati wa kiangazi hupunguza uvukizi kutoka mizizini.

Utunzaji unaofuata ni wa subira. Baada ya kila kipindi cha kuganda, miche iliyonyanyuliwa hukandamizwa taratibu. Maua makavu huondolewa kwa kibano kabla kuvu haijaanzia hapo. Kiraka kilichokufa katikati ya takia hutolewa, na shimo lake hujazwa mchanga mkavu ili vikonyo vya jirani vipate mahali pa kuotesha mizizi. Vidukari wa mizizini na funza wa fukusi hukaguliwa kila mmea unapohamishwa, kwa kuwa madhara yao hufanana mno na ya kuoza.

5.4 Nyufa, tufa na kioo

Kuna spishi ambazo hata hori lililoandaliwa vizuri haliziokoi. Kwa hizo zimebuniwa njia tatu. Ya kwanza ni bustani ya nyufa, iliyoendelezwa hasa na wakuzaji wa Jamhuri ya Cheki, akiwamo Zdeněk Zvolánek. Mabamba ya mawe husimamishwa wima, yakiachana kwa sentimita chache, na nafasi hujazwa mchanga au changarawe. Maji hushuka moja kwa moja, mizizi huyafuata chini penye ubaridi, na shingo hubaki imebanwa kati ya mawe mawili makavu.

Ya pili ni jiwe la tufa, yaani chokaa iliyoganda kutokana na maji ya chemchemi, nyepesi na yenye vinyweleo tele. Jiwe hutobolewa matundu yenye upana wa sentimita 2 hadi 3, na mche mdogo huingizwa humo. Likizamishwa kwa sehemu katika mchanga wenye unyevu, tufa hufyonza maji kutoka chini na kuyafikisha mizizini, hali uso wake ukikauka kwa upepo. Saxifraga za milima ya chokaa, kama Saxifraga burseriana, hustawi humo. Spishi za miamba isiyo na chokaa, kama Androsace alpina, hazifai kwa njia hii.

Ya tatu ni nyumba ya vioo isiyopashwa joto, yenye madirisha mengi yanayofunguliwa karibu mwaka mzima. Kazi ya kioo si kuzuia baridi bali kuzuia mvua. Davies Alpine House ya Kew, iliyofunguliwa mwaka 2006, huonyesha jambo hili kwa uwazi: hewa hupozwa katika njia za zege zilizo chini ya jengo na kupulizwa juu ya mimea, na hewa ya joto hutokea juu. Katika nyumba za watu binafsi, vyungu vya udongo hufukiwa kwenye mchanga, na maji humwagiwa mchanga badala ya mmea. Dionysia, ambazo huota kwenye magenge makavu ya Irani na nchi jirani, hutunzwa karibu daima kwa namna hii.

Zikipangwa pamoja, changarawe ya shingoni, ufa, tufa na mchanga ulio chini ya kioo ni hatua za ukali unaoongezeka wa wazo lilelile. Kila moja huyaruhusu maji yafike chini na kuyazuia yasikae juu.

6.0 Uenezaji na Uhifadhi

Mimea hii huenezwa kwa mbegu au kwa vipandikizi. Mbegu nyingi huhitaji kipindi cha baridi yenye unyevu kabla ya kuota. Hivyo hupandwa majira ya baridi katika vyungu vinavyoachwa nje, na baadhi huota mwaka wa pili. Vipandikizi ni vishada vidogo vya majani vinavyochomekwa katika mchanga baada ya maua kupita. Mbegu zina faida ya pekee: miche inayotokana nazo hutofautiana kijenetiki, na baadhi huvumilia hali ya bondeni kuliko mzazi wake. Kwa njia hii, vizazi kadhaa vya mbegu bustanini vimerahisisha ukuzaji wa spishi zilizokuwa ngumu.

Jambo hilo lina pande mbili. Hupunguza kishawishi cha kung'oa mimea ya mwituni. Lakini mmea uliochaguliwa kwa kuvumilia bondeni hauwakilishi tena kikamilifu jamii ya mlimani. Mkusanyiko wa bustani unaweza kuhifadhi spishi na maarifa ya kuikuza, wala hauwezi kuchukua nafasi ya kilele. Aidha, ziko spishi zinazoendelea kuwashinda wakuzaji wengi. Eritrichium nanum, yenye maua ya buluu na nywele zinazonasa maji, imetamaniwa kwa zaidi ya karne moja na bado ni nadra kuonekana ikiishi kwa muda mrefu bondeni.

7.0 Mipaka ya Maarifa haya: Milima ya Afrika Mashariki

Uoto wa vilele vya Kilimanjaro na Mlima Kenya una uhusiano wa kweli na mada hii. Arabis alpina, mmea unaofahamika sana katika bustani za miamba za Ulaya, huota Alpi na pia katika milima hiyo. Mimea yenye umbo la takia ipo vilevile, ikiwamo Sagina afroalpina. Hata hivyo, hali ya hewa ni ya namna nyingine. Mwanabotania wa Sweden Olov Hedberg, katika kazi yake ya mwaka 1964 juu ya ikolojia ya uoto huo, alionyesha kuwa tofauti kubwa ya joto huko si ya majira bali ni ya mchana na usiku. Udongo unaweza kuganda usiku na kuyeyuka asubuhi katika siku nyingi za mwaka, na hakuna blanketi la theluji la miezi mfululizo wala kipindi kirefu cha usingizi.

Hivyo, mbinu za Uingereza haziwezi kuhamishiwa huko kama zilivyo. Ratiba ya kufunika mimea Novemba na kuifunua Machi haina maana karibu na ikweta. Kinachohamishika ni swali lenyewe: maji yanakaa wapi, kwa muda gani, na mmea unayatumia wakati huo au la? Swali hilo laweza kuongoza utafiti wa ukuzaji wa spishi za Afrika Mashariki katika bustani za mimea za nyanda za juu, kwa kutumia mbegu zilizokusanywa kwa kibali.

8.0 Hitimisho

Makala imefafanua kuwa mimea-takia hushindwa bondeni kwa sababu umbo lililoundwa kuhifadhi joto na mboji hugeuka mtego wa unyevu pale maji yanapokuja wakati mmea hauyahitaji. Mchanganyiko wa changarawe, kina cha hori, tabaka la shingoni, nyufa, tufa na paa la kioo si orodha ya mapishi, bali ni majibu ya viwango tofauti kwa tatizo moja. Mkuzaji anayekariri vipimo bila kuelewa sababu hiyo atafanikiwa mahali vipimo vilipotoka tu. Anayeielewa anaweza kubadili udongo, chombo au paa kulingana na hali ya hewa ya mahali pake, na takia lililochukua miaka mingi kufikia upana wa kiganja likapata nafasi ya kuendelea.